Ncha ya Sindano kwenye Nta

Asubuhi ile Saidati aliamka akijisifu kimoyomoyo. Jana yake, magharibi ikikaribia, Zaituni wa miaka saba alikuwa amejikunja mkekani, kashika shavu, analia kile kilio cha chini kwa chini kinachomtoa mtu mzima akili, na Saidati alikuwa amemtuliza kwa mikono yake miwili. Mtoto alilala fofofo. Kulipokucha alikunywa chai, akachukua ubao wake akaenda chuoni kwa mwalimu, akikanyagia kisigino kwa sababu ya funza aliyetolewa kidoleni siku chache nyuma. Mtaa mzima wa Waswahili pale Gisenyi ulikuwa unamhesabia Saidati miaka mitatu ya ndoa bila kushika mimba, na Zaituni alikuwa mtoto wa mke mwenzie. Kumtuliza haikuwa kazi ndogo.

Habari ya meno aliijua tangu utotoni. Baba yake, mzee Nzeyimana, alikuwa mrina asali kule vilimani juu ya mji, na kabla binti huyo hajasilimu na kuitwa Saidati, kabla hajajua hata kujifunga nguo vizuri, alikwishajua kutofautisha asali, nta na ile gundi nyeusi ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga. Gundi ndiyo dawa ya jino lililotoboka. Mgonjwa anasukutua maji ya chumvi, shimo linakaushwa kwa pamba, gundi inapashwa juu ya makaa mpaka ilainike, inaviringishwa kidonge, inashindiliwa kwa kijiti. Ufizi ukiwa umevimba unapakwa asali. Mgonjwa anaruka kidogo, halafu anatulia. Watu waliokuwa wakiyaogopa makoleo ya hospitali kuliko kifo chenyewe walikuja kwa Saidati kwa mlango wa nyuma, wamefunga mashavu kwa vitambaa. Ni mmoja tu ambaye hakuwahi kuja, naye alikaa nyumba hiyohiyo: Nyirasafari, mke mkubwa, mama yake Zaituni. Jino la Nyirasafari lilikuwa bovu, kila mtu alijua, lakini mwenyewe alitembea na karafuu shavuni mwaka mzima badala ya kumfunulia mke mdogo kinywa chake.

Sasa jana, Nyirasafari akiwa Goma siku ya tatu kwa dada yake aliyejifungua, mtoto akaanza kulia, na kopo la gundi likawa tupu. Saidati hakuhangaika. Mumewe, Bizimana, alikuwa fundi cherehani, na kila fundi ana bonge lake la nta la kupitishia uzi wa kushonea vifungo. Bonge hilo lilitoka kwa mzee Nzeyimana, ambaye hapendi kupoteza kitu, kwa hiyo huchanganya nta na gundi pamoja. Saidati alilichukua kwenye kibweta cha mumewe, akakata kipande pembeni kwa kisu cha jikoni, akakipasha, akakiviringisha, akakishindilia. Kazi ikaisha kabla ya adhana.

Alikuwa anaosha vikombe uani Bizimana aliporudi kutoka kazini, kwenye baraza ya duka alikokodi nafasi ya cherehani yake. Alikuwa na haraka, maana Maulidi ilikuwa wiki ile na kanzu za watu zilikuwa bado hazina vifungo. Bonge la nta lilikuwa mkononi mwake.

"Saidati, nani amekata hii nta?"

Saidati alifungua mdomo kujibu. Alikuwa na jibu zuri, lenye sifa ndani yake.

"Ju mulikuwa ncha ya sindano humu," Bizimana akaendelea, akiligeuzageuza lile bonge. "Sindano ilikatika juma ile ingine, ncha nikaichomeka kwa nta, hapa pembeni, ju mutoto asiikanyage. Ndogo tu, kama punje ya muchele. Sasa ona, iko imekatwa huku na huku, na ncha haiko."

Lile jibu zuri likarudi tumboni.

"Labda imeanguka, Baba Zaituni," alisema.

"Basi fagia muzuri, kila pahali. Sindano si kitu ya kucheza. Ule fundi yenye alinifundisha kazi kule Bukavu, binti yake iliingia kwa kidole. Ikatembea na damu. Ikafika kwa moyo." Aliliweka bonge kwenye dirisha la jikoni. "Mi siigusi tena mpaka ncha ionekane."

Akaenda zake. Hakuwa amegomba wala kushuku kitu, na kama angegomba, huenda Saidati angepata pa kushika. Alibaki pale uani, maji ya vikombe yanamtiririka mpaka viwikoni, akilitazama lile bonge la nta bila kuthubutu kulisogelea.

Wazo lake la kwanza, na tuseme ukweli, halikuwa la mtoto. Aliwaza bombani. Aliwaona wanawake wa bombani na ndoo zao, akawasikia kabisa wakisema: tasa amemtia mwana wa mwenzie sindano kwenye jino. Nani angesema ni bahati mbaya? Angesema nani, na angesemea wapi? Aliwaza kufunga nguo zake na kupanda kwa baba yake kabla Nyirasafari hajavuka kurudi, kwa maana Nyirasafari alikuwa anarudi leo. Alifika hadi chumbani, akashika ile kanga kubwa ya kufungia mzigo. Halafu akakumbuka jinsi alivyokuwa ameshindilia. Mtoto alikuwa amemsihi, "Ihangane, mama mudogo, pole pole," naye akakandamiza kijiti mara ya mwisho ili kidonge kikae. Kama ncha ilikuwa ndani, ni yeye aliyeisukuma kuelekea kwenye mzizi. Akaitupa kanga kitandani, akatoka mbio bila viatu.

Chuo kilikuwa nyumba ya tatu baada ya msikiti. Watoto walikuwa wanasoma kwa sauti moja, na Saidati alisimama mlangoni akiitafuta sauti ya Zaituni katikati ya zile zote, kana kwamba akiipata tu mambo yatakuwa salama. Alimwomba mwalimu ruhusa, akasema mtoto anaitwa nyumbani. Njiani alimshika mkono akamburuta, kisha akakumbuka ile damu inayotembea na sindano, akaogopa kumkimbiza. Wakatembea polepole. Mvua nyepesi ilikuwa inatoka upande wa ziwa, na watu waliokuwa wanakimbilia barazani waliwashangaa mwanamke na mtoto wanaotembea kama wanahesabu hatua.

"Jino iko nauma?" aliuliza.

"Oya," mtoto akatikisa kichwa.

"Kabisa kabisa? Hakuna kitu iko nachoma?"

Zaituni akafikiri. Watoto wakiulizwa sana hutafuta jibu la kumpendeza mtu. "Iko nachoma kidogo," alisema.

Walipofika uani alimkalisha mtoto kwenye kigoda akimwelekeza kwenye mwanga, akamwambia afungue kinywa. Kidonge kilikuwa pale, cheusi, kimekaa sawasawa katika jino la nyuma, kazi safi ambayo siku nyingine angeifurahia. Hakuona chuma. Lakini ncha ndogo kama punje ya mchele ndani ya nta nyeusi nani angeiona? Alichukua kibanio cha nywele, akakinyoosha, akaanza kukwangua. Nta ilikuwa imeganda. Alikwangua kidogo, akasimama, akapumua, akakwangua tena. Kidole chake kilikuwa kinatetemeka vibaya, na mtoto aliutambua ule mtetemo. Hakuna kitu kinachomtisha mtoto kama mkono wa mtu mzima unaotetemeka kinywani mwake.

Zaituni akafunga meno. Akamng'ata Saidati kidole, akapaliwa, akakohoa, akameza mate kwa nguvu, na alipofungua tena kinywa lile shimo lilikuwa tupu.

"Iko wapi?" Saidati aliuliza. "Zaituni. Ile dawa iko wapi?"

"Imeenda."

"Imeenda wapi?"

Mtoto akajionyesha tumboni.

Saidati alikaa chini palepale kwenye matope. Hofu aliyokuwa nayo mpaka wakati huo aliiona sasa kuwa ya kitoto. Alikuwa ameogopa bure sindano ambayo pengine ilikuwa imetulia jinoni, akaichokoa mwenyewe, akaimezesha. Aliinuka, kwa sababu mtoto alikuwa anamtazama na midomo imeanza kumcheza. Akaenda jikoni, akarudi na viazi vitamu vya jana, maana aliwahi kusikia kwamba mtu aliyemeza kitu chenye ncha hupewa chakula kizito kikakizungushie. Akamlisha kimoja, akamlisha cha pili. Zaituni alifurahi mwanzoni, haikuwa kawaida kubembelezwa namna hiyo. Kwenye cha nne alisukuma mkono.

"Mama mudogo, tumbo iko nauma."

Mtoto yeyote aliyeshindiliwa viazi vinne angesema hivyo. Saidati hakuwa na akili ya kuliona hilo. Alimlaza Zaituni mkekani pale barazani, akampandisha gauni, akaweka sikio tumboni na kusikiliza, kisha akalihamishia sikio kifuani. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga upesi. Akajiuliza moyo wa mtoto hupiga hivyo siku zote au ni leo, na akajiona mjinga, miaka mitatu nyumba moja naye hajui moyo wa mtoto huyu hupigaje.

Hospitali ilikuwepo, hatua kidogo tu upande wa chini. Lakini mwuguzi angeuliza nani alimtia, na kwa nini, na mama yake yuko wapi, na jibu lingefika sokoni kabla yeye hajatoka mlangoni. Aliinuka kwenda. Akakaa. Akainuka tena. Ndipo macho yake yakaangukia bonge la nta dirishani.

Baba yake alipokuwa anachuja nta, alikuwa akiiyeyusha kwenye chungu, na kila kisicho nta kilizama: mchanga, magome, miguu ya nyuki. Chuma kingezama kabla ya vyote. Kama ile ncha ilibaki kwenye bonge, angeiona chini ya sufuria, na mtoto angekuwa hana kitu ndani yake isipokuwa viazi. Na kama haimo, basi. Saidati hakuimaliza ile "basi". Alisogeza mbabura barazani, mahali ambapo angemwona Zaituni, akapulizia makaa, akalitumbukiza bonge sufuriani.

Nta ilikuwa imeanza kulainika kingo Nyirasafari alipoingia kwa mlango wa uani, na kikapu kichwani, leso yake imelowa mvua. Alimtazama binti yake aliyelala mchana, akatazama moto, akamtazama Saidati.

"Kwani munapika nini? Na huyu mutoto, mbona hayuko ku chuo?"

Saidati alikuwa ametunga maneno tangu asubuhi, yote yakapotea. "Mama Zaituni, nimefanya kitu mubaya," alisema, na akaeleza. Alieleza vibaya, mwisho kabla ya mwanzo, jino, nta, ncha, kibanio, viazi, na katikati akawa anarudia: "Watasema nilitaka. Watasema ni wivu. Wewe pia utasema."

Nyirasafari alitua kikapu. Hakupiga kelele, na hiyo ilimtisha Saidati kuliko makofi. Alikwenda mkekani, akamgusa mtoto paji la uso, akamwuliza jambo kwa Kinyarwanda kwa sauti ya chini, mtoto akajibu. Kisha akarudi, akavuta kigoda, akaketi upande wa pili wa mbabura. Karafuu yake ilihama kutoka shavu hadi shavu.

"Yeyusha," alisema.

Saidati alipulizia. Bonge liliinama, likalegea, likaanza kuelea kwenye majimaji yake yenyewe. Harufu ya mzinga wa baba yake ikajaa baraza, harufu aliyoipenda maisha yake yote. Mvua ilikatika. Zaituni aliinuka kwa kiwiko kutazama, akaambiwa alale. Kila mara Saidati alipoinua macho alimkuta Nyirasafari hatazami sufuria, anamtazama yeye, bila kupepesa, na mkono wake mmoja umeshika pindo la kanga yake.

Nta ilipokuwa maji kabisa, Saidati alitandaza kitambaa juu ya karai la maji baridi, akamimina kidogokidogo. Chini ya sufuria pakabaki matope meusi ya gundi. Hakungoja yapoe. Aliyatandaza kwa kidole, akiungua na asijali, kutoka ukingo hadi ukingo. Palikuwa na vipande vya magome, nyuzi za kanzu, bawa la nyuki. Alikikunjua kitambaa, akakipapasa, kisha akarudi kwenye sufuria na kuanza upya, ukingo hadi ukingo.

"Haiko," alisema.

Nyirasafari aliendelea kushika pindo la kanga.

"Haiko, Mama Zaituni. Iko ndani yake." Sauti ilimtoka nyembamba, haikuwa yake. Kisha akasimama kwa ghafla, akaifuta mikono yake yenye nta kwenye nguo, akaenda mkekani na kumwinua Zaituni mgongoni kama mtoto mchanga, mtoto wa miaka saba, miguu inaning'inia. "Twende ku hospitali. Nitamwambia munganga ni mi. Atauliza, nitasema. Waseme nilitaka, waseme wote, wanifunge. Lakini twende sasa hivi, ju kama inatembea, sasa hivi iko natembea. Nyamuka, mama, simama, nakuomba."

Alikuwa amekwisha kufika katikati ya ua. Aligeuka kuona kama Nyirasafari anamfuata. Nyirasafari alikuwa bado kwenye kigoda, anafungua fundo katika pindo la kanga. Alitoa kitu kidogo, akakiweka kwenye kiganja, akanyoosha mkono. Lilikuwa tonge la nta lisilozidi harage, na kwenye nta imetokeza ncha ya sindano.

"Niliichukua mi," alisema. "Asubuhi ile ya kwenda Goma. Mutoto alikuwa na funza kwa kidole. Nikaikata na nta yake, iwe mahali pa kushika. Nikasahau kurudisha."

Saidati alimtua Zaituni. Alimtua taratibu, akahakikisha miguu imefika chini. Alikumbuka: huku na huku, mumewe alivyosema, bonge limekatwa huku na huku. Yeye alikata upande mmoja.

"Ulijua tangu neno ya kwanza."

"Nilijua."

"Ukaniacha niyeyushe."

"Nilikuacha." Nyirasafari hakuinamisha macho. "Ulikuwa unasema watasema, watasema. Nikajua huyu anajililia yeye mwenyewe. Miaka tatu tunakula chungu moja, Saidati, na kila nikitoka namuacha mutoto wangu kwako, na sijui namuacha kwa nani. Nilitaka kusikia utalia ju ya nani."

Saidati alimchukia. Alimchukia waziwazi, kwa mwili mzima, na kama ile sufuria ingekuwa bado na nta ya moto hajui angeifanyia nini. Lakini ahueni ilikuwa inampanda vilevile, kubwa kuliko chuki, naye akarudi akashika nguzo ya baraza. Zaituni alikuwa amemkumbatia paja, anauliza kama sasa anaweza kurudi chuoni. Jino lake lilikuwa limeanza tena kuuma.

Nyirasafari alimsikia. Alivuta kigoda karibu na karai, ambamo nta ilikuwa imeganda juu ya maji kama utando wa maziwa. Akachomeka ile ncha kwenye nguzo ya mti, juu, mahali ambapo mtoto hafiki.

"Anza na mutoto," alisema. Akaingiza vidole shavuni, akaitoa karafuu, akaitupa uani. "Ukimaliza, na mi."

Na pale pale, mchana, mbele ya mtoto, akafungua kinywa ili Saidati aone. Jino lilikuwa baya kuliko watu walivyosema. Saidati akapiga magoti kando ya karai. Alikwangua gundi kutoka chini ya sufuria, akachota na nta juu ya maji, akavikanda pamoja, akakata kipande kidogo. Akakipasua vipande viwili, akavitazama kwenye mwanga. Akavipasua tena, vikawa vinne, akavitazama vyote.